Mama kaambiwa awekewe vyuma mgongoni, daktari wa pili anauliza "mfupa wenyewe ukoje?" Naombeni mawazo

#1 Kikonyo wa Rungwe (mwanzisha uzi)

Wakuu habari za jukwaani. Uzi ni mrefu kidogo, mwenye haraka apite salama.

Mama yangu ana miaka 71, anaishi Kiwira. Maisha yake yote ni mtu wa kubeba: mikungu ya ndizi, kuni, ndoo za maji, na sisi watoto sita mgongoni kwa zamu. Mgongo wa chini unamsumbua miaka mitatu sasa, lakini mwaka huu limeongezeka jingine. Akitoka nyumbani kwenda barabara ya lami hafiki nusu ya njia, miguu inakufa ganzi na kuwaka moto, mpaka akae kwenye jiwe au ainame kidogo ndipo aendelee. Cha ajabu, akisukuma baiskeli yenye mkungu wa ndizi anafika mpaka gulioni bila kusimama. Tukawa tunamtania kwamba anaitamani tu baiskeli yangu.

Tumepiga MRI na CT. Hospitali ya kwanza wakasema pingili ya nne ya kiuno imeteleza mbele ya ya tano, na njia ya mishipa ya fahamu imebanwa. Dawa yake ni upasuaji: wafungue njia, waweke skrubu na vyuma, halafu wapandikize mfupa ili pingili hizo mbili zishikane ziwe kitu kimoja. Tukakubali. Kaka yangu wa Makambako akauza mbao, mimi nikatenga ng'ombe mmoja wa maziwa, group la familia likachangamka kama harusi.

Kabla ya tarehe, shemeji akatupeleka kwa daktari mwingine Dar apate kuziangalia picha. Yule baba akakaa kimya muda mrefu, akauliza: "Mifupa ya mama imepimwa?" Tukamwambia si hiyo hapo kwenye picha. Akasema, "Skrubu ninazo, na kuziweka najua. Ninachotaka kujua ni nazikaza kwenye nini."

Sasa nyumba imegawanyika. Kaka anasema hiyo ni mbinu ya kutuongezea vipimo. Dada anataka maombi kwanza. Mama mwenyewe anasema fanyeni lolote, ila asikose msimu wa maharage.

Mimi kazi yangu ni kubebesha miche ya parachichi. Najua ukichukua kikonyo kizuri ukakibebesha kwenye shina lililochoka, hakishiki. Je, na mfupa ni hivyo hivyo? Mwenye uzoefu ashushe.

#2 Ndaga Fijo

Ugonile kaka. Pole sana na mama. Sina utaalamu, ila mama yangu mkubwa pale Tukuyu naye aliambiwa "pingili zimesagika", akapewa mkanda na vidonge, basi. Naweka kambi hapa nijifunze.

#3 Kitonga Kona ya Tatu

Mkuu Kikonyo, msikilize huyo daktari wa pili. Naandika hivi kwa uchungu.

Mzee wangu ni seremala Mafinga, alipasuliwa akiwa na miaka 69. Hospitali siitaji. Miezi miwili ya kwanza alikuwa safi, mpaka akaanza kurudi karakana kusimamia vijana. Mwezi wa nne maumivu yakarudi, na akawa anasema anasikia kitu kinacheza ndani akigeuka kitandani. Sisi tukamwambia mzee unajisikilizia sana. Kupiga eksirei, kuzunguka skrubu mbili za chini kuna utepe mweusi, kama shimo la nguzo lililopanuka baada ya mvua. Skrubu zimelegea, mfupa uliopandikizwa haujashika.

Akarudiwa upasuaji, wakaweka nyingine nene zaidi na kupanda pingili moja juu. Daktari wa safari hiyo akamuuliza swali moja tu: "Mzee, una pumu? Unatumia dawa gani?" Prednisoloni, dawa ya kifua ambayo ukiitumia muda mrefu inadhoofisha mifupa: miaka tisa, ya kununua dukani mwenyewe kila kifua kikibana. Mara ya kwanza hakuna aliyeuliza hilo, na sisi hatukusema kwa sababu tulijua mgongo ni mgongo na kifua ni kifua.

Mimi ni dereva wa lori. Nilimpitisha mlima wa Kitonga mara nne kwenda na kurudi Dar, kila kona anafumba macho. Sitaki mtu mwingine apitie.

#4 Bei Poa Mwanjelwa

Wakuu msihangaike na visu. Tuna unga wa mifupa wa asili kabisa, unarudisha ute kwenye magoti na kugandisha pingili ndani ya siku 21. Mikoani tunatuma kwa basi. Njoo PM.

#5 Kitonga Kona ya Tatu

Unga unaorudisha ute kwenye magoti na hapohapo unagandisha pingili. Yaani unalainisha na kugandisha kwa kijiko kimoja. Mods tusaidieni.

#6 Patasi

Kikonyo, pole na mama. Mimi ni muuguzi wa chumba cha upasuaji, miaka 14 nasimama pembeni ya madaktari wa mifupa. Kisu sishiki mimi. Ila mfupa unaotolewa mgongoni unapita mikononi mwangu kabla haujarudishwa, kwa hiyo hili la mfupa mzuri na mfupa mbaya nalijua kwa vidole.

Kwanza hili neno "kusagika" analosema Ndaga. Limebebeshwa mizigo mingi mno. Diski ikikauka, kusagika. Pingili ikiota miiba pembeni, kusagika. Pingili ikiteleza, kusagika. Na mfupa ukipungukiwa, ambayo ndiyo osteoporosisi, nao kusagika. Hayo ni mambo manne, na mama anaweza kuwa nayo yote kwa pamoja. Ganzi ya miguu inayoisha akiinama juu ya baiskeli ni ile njia iliyobanwa: ukiinama inafunguka kidogo, ukisimama wima inabana. Huo ndio ugonjwa unaompeleka hospitali. Osteoporosisi yenyewe haiumi. Haina homa wala uvimbe. Inakaa kimya mpaka kitu kivunjike, au mpaka daktari akaze skrubu.

Mkiangalia mfupa wa pingili kwa ndani si jiwe, ni kama sega la nyuki. Nje kuna ganda gumu, ndani vijikuta vimeshikana. Katika maisha yote ya mtu kuna seli zinazobomoa vijikuta vya zamani na seli zinazojenga vipya. Mpaka kwenye miaka 30 hivi wajenzi wanakwenda sawa au wanazidi. Baadaye wabomoaji wanaanza kuongoza, na kwa mwanamke hedhi ikikoma wanapata mbio, kwa sababu homoni ya estrojeni iliyokuwa inawazuia imeshuka. Vijikuta vinakuwa vyembamba, vingine vinakatika kabisa. Ganda la nje linabaki, ndiyo maana kwa macho pingili inaonekana nzima.

Sasa njooni kwenye meza ya upasuaji. Daktari akifungua njia, anatoa vipande vya mfupa wa nyuma ya pingili. Havitupwi. Ananipa mimi. Navitoa nyama na ute wote, kwa sababu nyama ikibaki humo mfupa haushiki, halafu navikata kwa koleo vipande vidogo kama punje za mchele. Kwa mtu wa miaka 40 vipande hivyo vinatoa damu, ndani vina wekundu, vinagandamana vyenyewe kwenye bakuli. Kwa bibi wa miaka 70 na zaidi mara nyingi napata vya aina mbili tu: vigumu vikavu kama kucha, kutoka kwenye zile sehemu zilizoota miiba, au vile vya ndani ambavyo nikivibana vinasagika kuwa unga na kuacha mafuta kwenye glovu. Yale mafuta ndiyo uboho wa uzeeni. Seli za kujenga mfupa zinazokaa kwenye uboho mwekundu zimepungua, nafasi yake imechukuliwa na mafuta.

Chanzo kingine ni nyonga, ule ukingo unaoushika ukijishika kiuno. Kwa miaka mingi huo ndio umekuwa mfupa bora wa kupandikiza kuliko yote, maana una seli hai, una protini za kuziita seli nyingine, na una umbo la kuzibeba. Lakini ni jeraha la pili. Wapo wagonjwa wangu waliosahau mgongo wakabaki wanalalamikia nyonga mwaka mzima. Na kwa mwenye osteoporosisi, nyonga nayo ni ya mwili uleule. Huwezi kukimbia uzee wa mgongo ukaenda kukuta ujana kiunoni.

Swali lako la kikonyo limenifurahisha, ila nikusahihishe kidogo. Kikonyo cha parachichi kinabaki hai, ndicho kinachokua na kuzaa. Mfupa uliopandikizwa sehemu kubwa hufa. Kazi yake ni kuwa jukwaa: mishipa midogo ya damu na seli za mwenyeji zinatambaa ndani yake, zinaubomoa kidogo kidogo huku zinajenga mpya mahali pake. Kwa hiyo shina ndilo linalofanya karibu kazi yote. Ukipandikiza mfupa mzuri sana kwa mama ambaye seli zake za kujenga ni chache, hana vitamini D na mfupa wake wa kupokea ni mtupu, umeweka jukwaa ambalo mafundi hawaji.

Na wakati mafundi wanasubiriwa, skrubu ndizo zinazoshikilia. Hayo ni mashindano. Mfupa unahitaji miezi sita mpaka kumi na miwili kushikana, kwa wazee wakati mwingine zaidi. Skrubu kwenye mfupa mtupu inatikiswa kila mama anapoinuka kitandani, kila anapochutama. Ikilegea mapema, pingili zinacheza, na mfupa mchanga haukomai palipo na mtikisiko. Ndicho kilichompata mzee wa Kitonga. Watu wanalaumu chuma, wakati chuma hakikukatika.

#7 Kikonyo wa Rungwe

Patasi, nimesoma mara mbili, ya pili nikamsomea mama. Kacheka hapo kwa bibi wa mafuta kwenye glovu. Halafu akauliza: "Kwa hiyo mimi ni shina lililochoka?" Nikakosa jibu.

#8 Patasi

Mwambie shina likichoka linapaliliwa na kutiliwa mbolea kabla ya kubebeshwa. Hilo anajua kuliko mimi.

#9 Mbao Kavu

Samahani kuwa kinyume. Babu na bibi zetu walibeba mizigo mpaka miaka 90, hakuna DEXA, hicho kipimo cha uzito wa mfupa, wala nini. Haya magonjwa yamekuja na mashine za kuyapima.

#10 Ndaga Fijo

Mbao Kavu, bibi yangu aliyenilea alikuwa mrefu kuliko mama. Mpaka anafariki alikuwa ananifika kifuani, anatembea anatazama vidole vyake vya miguu. Wote tulisema bibi kazeeka, kapinda. Hakuna aliyejiuliza ule urefu umekwenda wapi.

#11 Mfupa Hauna Haraka

Dada Ndaga umemaliza kazi niliyokuwa nimejiandaa nayo. Kile kibiongo tunachokiita uzee mara nyingi ni pingili zilizobonyea moja baada ya nyingine, kwa mbele. Anainua ndoo, anasikia "tak", anakaa siku tatu kitandani, anakandwa maji ya moto, anainuka akiwa amepungua sentimita. Nyingi hupita bila mtu kujua kuwa ni mvunjiko.

Mimi ni daktari, nimefanya kazi Iringa na sasa nipo kwenye masomo ya upasuaji wa mifupa. Nikupe ya kufanyia kazi, Kikonyo.

DEXA inatoa alama ya T, yaani mfupa wako ukilinganishwa na wa kijana mwenye afya. Shirika la Afya Duniani liliweka mipaka mwaka 1994: kuanzia -1 kwenda juu ni kawaida, kati ya -1 na -2.5 umepungua, -2.5 kushuka chini ni osteoporosisi. Sasa sikiliza mtego wake. Kwa mzee ambaye mgongo umeota miiba, mashine inahesabu na ile miiba kama mfupa. Mgongo unatoka na alama nzuri ya uongo. Kwa hiyo ukipewa majibu usiishie kwenye mstari wa mgongo, soma na wa nyonga.

La pili litampendeza kaka yako wa mbao: CT aliyokwisha kupigwa inaweza kujibu sehemu kubwa ya swali bila shilingi nyingine. Picha ya CT ina vipimo vya Hounsfield, namba za ugumu wa kila kitu kilichopigwa. Daktari wa picha akiweka duara katikati ya pingili ya kwanza ya kiuno, kwenye lile sega analosema Patasi bila kugusa ganda, anapata wastani. Ukiwa juu ya 160 hivi osteoporosisi ni nadra. Ukiwa chini ya 110 ni dalili nzito. Dakika mbili za kazi. Rudini na CD yenu mkaombe, msione haya.

Kabla hamjaita osteoporosisi, hakikisheni si kitu kingine. Mzee mwenye mgongo unaouma nchini kwetu lazima afikiriwe kifua kikuu cha uti wa mgongo, hasa kama anapungua uzito, anatoka jasho usiku, au maumivu hayampi usingizi. Kuna na saratani ya uboho, na zile zinazotoka kwenye titi au tezi dume na kuhamia kwenye pingili. Vipimo vya damu, figo, kalsiamu, vitamini D kama mnaweza.

Kwa historia tu, upandikizaji huu ulianza kwa sababu ya hicho hicho kifua kikuu. Mwaka 1911 kule New York, Russell Hibbs na Fred Albee, kila mmoja kwa njia yake, waliunganisha pingili za wagonjwa wa TB ya mgongo. Albee alipachika kipande cha mfupa wa ugoko, Hibbs alitumia vipande vya pingili zenyewe. Hawakuwa na skrubu hata moja. Walitegemea mfupa tu, na mgonjwa alalie mgongo muda mrefu.

#12 Binti wa Kilolo

Kamwene. Daktari na Patasi, shikamooni. Naomba kuuliza kuhusu ugoro. Bibi yangu ana miaka 74, anangoja upasuaji wa mgongo, na hajawahi kuvuta sigara. Kwenye fomu wamejaza "hatumii tumbaku". Ila ugoro anavuta tangu mimi sijazaliwa. Na ulanzi msimu wa mvua anapata kikombe.

#13 Patasi

Marahaba mwanangu. Ugoro ni tumbaku. Nikotini iliyomo inabana mishipa midogo ya damu, ile ile inayotakiwa kutambaa kwenye mfupa mpya, na inazidumaza seli zinazojenga. Rudini mkawaambie, fomu irekebishwe. Fomu zetu zinauliza sigara, bibi anajibu sigara, wote wamesema kweli na taarifa haipo. Aache wiki kadhaa kabla, na asirudie mpaka mfupa ushike. Najua ni maneno mepesi kwangu mimi nisiyevuta.

Ulanzi kikombe kimoja sina ugomvi nao. Wa ndoo ndio unaomwangusha mtu njiani usiku.

#14 Mlezi Kimya

Nimefungua ID mpya kwa ajili ya swali hili. Mama yangu (66) anatumia ARV miaka 12, anaendelea vizuri kabisa, virusi havionekani. Ana tatizo kama la mama yake Kikonyo. Nimesikia zile dawa zinakula mifupa. Aache?

#15 Mfupa Hauna Haraka

Asiache. Hata siku moja.

Tenofoviri, iliyomo kwenye vidonge vya wengi, inapunguza uzito wa mfupa kidogo, hasa mwaka wa kwanza na wa pili, halafu inatulia. Virusi visivyodhibitiwa navyo vinadhuru mfupa, na vinadhuru mengine mengi zaidi. Ukiweka kwenye mizani, dawa inashinda mbali. Kinachotakiwa ni daktari wa mgongo ajue anachotumia, ili apimwe mifupa na figo mapema, na kama kuna haja, wenzake wa CTC, kliniki ya huduma za VVU, ndio wazungumzie kubadilisha. Mtu asibadilishe nyumbani.

Swali lako si la watu wachache huku kwetu. Utafiti wa taifa wa 2022-23 ulionyesha Njombe asilimia 12.7 ya watu wazima wanaishi na VVU, Iringa 11.1, Mbeya 9.6. Namshukuru Mungu dawa zimewafikisha wengi kwenye umri wa kuumwa migongo ya kizee. Sisi madaktari wa mifupa ndio hatujazoea kuuliza.

#16 Kikonyo wa Rungwe

Daktari, na chakula je? Dada kamwanzishia supu ya kongoro asubuhi na jioni. Anasema mfupa hujengwa kwa mfupa.

#17 Mfupa Hauna Haraka

Supu ni tamu, anywe. Ila kalsiamu ya mfupa haiyeyuki kirahisi kwenye maji ya moto, inayoingia kwenye mchuzi ni kidogo sana. Mna ng'ombe wa maziwa nyumbani halafu mnachemsha kwato! Glasi moja ya maziwa au mtindi ina karibu miligramu 300, na mama wa umri wake anahitaji kama 1,200 kwa siku kutoka kila kitu anachokula. Usipa wa Ziwa Nyasa, ule wa Matema na Kyela, analiwa mzima na mifupa yake, hapo ndipo "mfupa hujengwa kwa mfupa" inapokuwa kweli. Maharage na mayai kwa ajili ya protini, maana mfupa si madini matupu.

Na jua. Mwezi wa sita na wa saba wazee wa kwetu wanajifunika sweta mbili na kitenge, wanakaa jikoni kwenye moto mpaka saa sita. Ngozi isipoona jua vitamini D haitengenezwi. Mtoeni nje, mikono na miguu iwe wazi.

Lakini chakula peke yake hakitarudisha vijikuta vilivyokatika. Kama ni osteoporosisi kweli, kuna dawa. Alendroneti ya miligramu 70 inamezwa mara moja kwa wiki, asubuhi tumbo tupu, na glasi nzima ya maji, halafu halali wala hali kwa nusu saa, la sivyo inachoma koo. Asidi ya zoledroniki ni dripu ya miligramu 5 mara moja kwa mwaka, figo zipimwe kwanza na vitamini D iwe imerekebishwa. Hizo zinawazuia wabomoaji. Watu waliogopa kwamba ukiwazuia wabomoaji, mfupa uliopandikizwa hautabadilishwa na hautashika. Kwa wagonjwa wa mgongo waliofuatiliwa hofu hiyo haijathibitika.

Kuna teriparataidi, sindano ya kila siku chini ya ngozi, mikrogramu 20, hiyo inawaamsha wajenzi. Mwaka 2012 Wajapani walichapisha matokeo ya wanawake waliokwisha koma hedhi waliounganishwa pingili: waliopewa teriparataidi walishikana asilimia 82, waliopewa dawa ya kuzuia wabomoaji asilimia 68. Kwa mgongo ningeichagua hiyo kama pesa isingekuwa swali. Ni ghali, inataka friji, na ukimaliza lazima ufuatishe dawa nyingine usipoteze ulichojenga. Denosumabu, sindano ya kila miezi sita, usianze kama huna uhakika wa kuendelea. Ukiiacha ghafla, pingili zinaweza kubonyea mfululizo.

Na diklofenaki za maumivu za kununua dukani kila siku apunguze kwa ushauri, figo zake tutazihitaji.

#18 Mbao Kavu

Hapo kwenye CT ya bure nimekubali. Naendelea kusoma.

#19 Kikonyo wa Rungwe

MREJESHO, wiki sita baadaye.

Tulirudi na CD. Kijana wa picha aliweka duara, akapata 84. Daktari akasema hiyo tu inatosha kumfanya asitishe upasuaji kwanza, ila kwa kuwa tungekwenda Dar kwa shughuli nyingine tukapiga na DEXA. Mgongo: -1.4. Nyonga: -2.9. Kaka aliposoma mstari wa kwanza akaandika kwenye group "SI NILISEMA". Nikamwambia shuka mstari mmoja. Kimya mpaka leo.

TB hakuna, saratani hakuna. Vitamini D ilikuwa chini sana. Daktari wa Dar akasema maneno ambayo nitayakumbuka: upasuaji huu hauna moto, mkojo anaushika, miguu ina nguvu, tuna muda, tuutumie. Angekuwa ameanza kupoteza mkojo au mguu kulegea, asingesubiri hata wiki.

Teriparataidi tulipiga hesabu tukaona ng'ombe wote wangekwisha. Amejaza vitamini D kwanza, halafu akapewa dripu ya zoledroniki. Siku ya pili homa, mwili mzima unauma, dada akaita wachungaji. Tulikuwa tumeonywa, siku tatu ikaisha.

#20 Kitonga Kona ya Tatu

Safi sana mkuu. Mzee wangu anasalimia, sasa anashika randa tena, kidogo kidogo. Anauliza kama mama kaambiwa kuhusu kuchutama.

#21 Kikonyo wa Rungwe

Ameambiwa. Choo tumekiinua kwa tofali na kiti. Jiko la mafiga nimelipandisha kwenye meza ya udongo. Anasema sasa anapika kama mzungu.

#22 Kikonyo wa Rungwe

MREJESHO WA PILI, miezi mitano tangu ule wa kwanza.

Mama kapasuliwa. Maharage alivuna kwanza, hilo hakukubali kushindwa. Daktari alitueleza mpango usiku wa kuamkia: atafungua njia, mfupa wa nyuma ya pingili atautumia wote, atauchanganya na uboho atakaounyonya kwa sindano kutoka nyonga badala ya kuichimba, na ataongeza punje za seramiki zinazofanana na madini ya mfupa. Skrubu nene kuliko kawaida, na mbili za chini akazitilia saruji ya mifupa kupitia matundu yake. Nikamuuliza kuhusu ile protini ya BMP-2 niliyoisoma, ya kuchochea mfupa uote, inayotumika Marekani tangu 2002. Akacheka, akasema hiyo ningeuza na shamba.

Siku ya pili walimsimamisha. Siku ya tano akatembea korido mwisho hadi mwisho bila baiskeli. Akalia. Mimi nilijifanya napokea simu.

Sasa ana miezi mitatu. Eksirei skrubu zimetulia, hakuna utepe mweusi. Mfupa wenyewe daktari anasema ni mapema kuuhukumu, CT itapigwa ukitimia mwaka. Mpaka hapo hainami, habebi zaidi ya kikombe cha chai, na kila asubuhi anakaa juani kwenye lile jiwe alilokuwa anapumzikia.

#23 Ndaga Fijo

Ndaga fijo kwa mrejesho kaka. Watu wengi huanzisha uzi wakapotea. Mama mkubwa tumempeleka Mbeya na CD yake ya zamani, tunasubiri.

#24 Kikonyo wa Rungwe

Patasi kama upo. Mama amenituma. Tangu nimsomee ile habari ya bakuli hajalala vizuri. Anauliza: ule mfupa wake waliotoa, uliobaki waliutupa wapi? Kwetu kitu cha mwili wa mtu hakitupwi ovyo.

#25 Patasi

Shikamoo yake. Mwambie mimi sikuwepo siku hiyo, lakini nimesafisha mingi ya umri wake. Kwa mtu wa miaka 71 mfupa haubaki. Nakwangua bakuli, nakwangua koleo, hata ule unga wa kwenye glovu unarudi ndani. Atulie kwa amani, wote anao.